Mwongozo wa Kubadili Taa za Kiyoyozi cha Gari, kwa Wasioshaurika

Taa zinazomulika vitufe vya kiyoyozi cha gari lako hazijawahi kugombana na mtu. Zilikuwa nyuma ya dashibodi siku gari lilipotoka kiwandani Japani, zikavuka bahari humo humo, zikashushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, na tangu hapo kila ukiwasha taa za paki nazo huamka, kijani iliyofifia, kiasi tu cha kukuonyesha feni iko namba ngapi na upepo unaelekea usoni au miguuni. Mwongozo huu ni wa mtu aliyezitazama akiwa kwenye foleni ya Ubungo, saa mbili usiku, akaamua kwamba maisha hayawezi kuendelea namna hii: lazima ziwe LED, tena za buluu.

Haukuandikwa kumzuia. Wa kumzuia walikwishajaribu: mkewe, fundi wake, na jirani mwenye gari aina ya IST ambaye dashibodi yake inalia kila akivuka tuta tangu alipofanya kazi hiyo hiyo. Hapa tunaeleza njia tu, ili atakapofika huko atambue mahali alipo.

Andaa sababu mapema

Utaulizwa kwa nini, kwa hiyo usianze bila jibu. Jibu linalopendwa ni kwamba LED haili umeme. Ni kweli. Balbu ndogo ya kawaida ya dashibodi hutumia wati 1.4 hivi. Tuseme paneli yako ina balbu tano. Jumla wati 7. Ukizitoa ukaweka LED, jumla itashuka hadi wati moja na nusu, pengine chini ya hapo. Umeokoa wati tano na ushee. Taa kubwa mbili za mbele, zikiwa kwenye mwanga wa chini, zinakula wati 110, na kompresa ya kiyoyozi chenyewe, hicho unachotaka kukimulika, inaweza kuvuta zaidi ya wati 2,000 kutoka kwenye injini. Hesabu hii usiipige mbele ya watu. Sema tu kwamba unaipunguzia altaneta mzigo, halafu uliza habari za watoto.

Jibu la pili, kwamba LED haichomi plastiki kwa joto, lina ukweli ndani yake. La tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote: balbu moja imeungua, upande wa kushoto wa paneli una giza, na kwa kuwa kuifikia balbu hiyo ni lazima ung'oe nusu ya dashibodi, afadhali uweke kitu kitakachodumu. Hii ni sababu ya mtu mzima kabisa. Ndiyo maana wanaoitumia ni wachache. Mwenye balbu iliyoungua kwa kawaida hukaa na giza lake miaka, akipapasa kitufe kwa kidole, na wala halimsumbui. Anayebadilisha ni yule ambaye zake zote zinawaka.

Dukani

Nenda Gerezani, Kariakoo. Kama uko Nairobi, teremka Kirinyaga Road. Muuzaji hatakuuliza gari gani. Atakuuliza rangi gani.

"Kaka, hizi ndizo zenyewe. Zinaingia kwenye kila gari."

Nazo kweli zinaingia kwenye kila gari, kwa maana kwamba kila gari lina mlango. Alizokushikisha ni T10, za taa za paki na za kumulikia namba ya gari. Katika biashara hii tarakimu inayofuata herufi T ni unene wa balbu kwa milimita, na huko nyuma ya vitufe vya kiyoyozi hakuna nafasi ya milimita 10. Huko wanaishi T5 na wadogo zake, T4.2 na T3, baadhi wakiwa wamekaa kwenye visoketi vya plastiki vinavyofungwa kwa kuzungushwa robo mzunguko. Wala usimtume mdogo wako akanunue T5 kwenye duka la vifaa vya umeme vya nyumbani. Kwa wauza tubu, T5 ni tubu ndefu ya darini, na tarakimu ile inahesabu sehemu za nane za inchi. Atarudi ameishika mkononi, na hatakuwa amekosea.

Njia ya uhakika ni kung'oa kwanza balbu moja ya zamani na kwenda nayo dukani. Maana yake utafungua dashibodi mara mbili, na kati ya mara hizo mbili gari liko uwanjani limeachama, redio inaning'inia kwa waya zake. Mwenye busara huenda dukani kwa bodaboda.

Kama gari lako ni jipya kidogo, habari ni nyingine. Paneli nyingi za miaka ya karibuni hazina balbu hata moja: kiwanda kilikwishaweka LED, zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Mtu aliyesomewa sentensi hii angetakiwa afunge kisanduku cha bisibisi akalale, maana kile alichokitaka anacho tayari. Lakini zake ni za chungwa, naye anataka buluu. Basi na aandae chuma cha kulehemu, kibanio kidogo, risasi laini na miwani. Kila LED anayoiendea ina urefu wa milimita 3.5 na upana wa 2.8, nusu ya punje ya mchele, na ina kona moja iliyokatwa kidogo kuonyesha upande wa hasi. Ikimponyoka ikaangukia zulia la gari, asiitafute. Wenye bidhaa hizi wanajua, ndiyo sababu huziuza kwa mamia.

Neno moja kuhusu bei. Gari tunaliita la volti 12, lakini injini ikiwaka altaneta husukuma karibu volti 14.4. LED ya bei nafuu imepangiwa rezista kana kwamba hizo 12 ni kiapo. Usiku wa kwanza itawaka vizuri mno, vizuri kuliko ile ya bei ghali, na hapo utampigia simu rafiki yako aliyenunua ya ghali kumcheka. Usimalize salio. Baada ya muda moja itaanza kupepesa, ya pili itafifia, na paneli yako itakuwa na buluu za umri tofauti.

Wapo wanaokataa za dukani na kuunda zao. Kwa hao hesabu ni fupi: LED nyeupe au ya buluu moja huhitaji volti 3.2 hivi na mkondo usiozidi miliampia 20. Toa 3.2 kwenye 14.4, inabaki 11.2, gawa kwa 0.02, unapata rezista ya omu 560. Rezista hiyo itabeba karibu robo wati ya joto, kwa hiyo nunua ya nusu wati, si ile ndogo iliyo mpakani mwa uwezo wake. Ukiunga LED tatu kwa mstari mmoja, zenyewe zinakula 9.6, na rezista inatosha ya omu 240. Fundi rewaya anayekwambia kwamba hakuna haja ya rezista kwa sababu "waya wenyewe ni mwembamba" ni mtu mwenye moyo wa imani. Mshukuru, mlipe chai yake, na ubaki na rezista zako.

Habari ya rangi ya buluu

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo tukae kidogo.

LED nyekundu ilipatikana mapema. Nick Holonyak aliionyesha mwaka 1962 akiwa General Electric, Marekani. Buluu ilikataa miaka 30. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano huko Nagoya, na Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia, walihangaika na fuwele za galiamu naitraidi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo ikawaka kwa nguvu inayofaa, na mwaka 2014 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Bila buluu yao kusingekuwa na LED nyeupe sokoni, maana nyeupe unayoiona ni buluu iliyofunikwa unga wa njano. Waliotoa tuzo walisifu mwanga unaookoa nishati. Kitufe cha feni cha gari la Carina hakikutajwa.

Sasa rudi kwenye paneli yako. Ile kijani haikutoka kwenye balbu. Balbu ni ya waya unaowaka, mwanga wake ni wa manjano wenye kila rangi ndani, nyekundu ikiwa nyingi kuliko zote. Kijani inatokana na rangi iliyopakwa nyuma ya bamba la plastiki, au na kofia ndogo ya mpira iliyovikwa balbu. Aliyeisanifu paneli alipanga vyote pamoja: waya, kofia, rangi ya bamba, na plastiki angavu inayosambaza mwanga ufike kila kona. Wewe unabadilisha kimoja. Vilivyobaki havijapewa taarifa.

Matokeo ya kwanza ni kwamba buluu ikipita kwenye rangi ya kijani inatokea upande wa pili imechoka, na duka lililokuuzia litakushauri ununue zenye nguvu zaidi. Matokeo ya pili ni mazuri zaidi. Tazama swichi ya joto: upande mmoja una mstari wa buluu wa baridi, upande wa pili mstari mwekundu wa moto. Rangi nyekundu iliyopakwa hupitisha mwanga mwekundu tu, na LED ya buluu haina nyekundu ndani yake hata chembe. Utakapowasha taa usiku, mstari wa baridi utang'aa kuliko ulivyowahi kung'aa, na mstari wa moto hautakuwepo. Utakuwa mweusi, kana kwamba gari liliundwa bila hita.

Mkazi wa Dar es Salaam atasema hilo si tatizo. Upande ule mwekundu hajawahi kuugusa isipokuwa kwa bahati mbaya, alipokuwa akifuta vumbi, na siku hiyo abiria wote walishuka. Ni kweli. Lakini magari husafiri, na huuzwa.

Matokeo ya tatu hayahusu gari, yanahusu jicho. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani zinachokozwa sana na mwanga wa buluu na wa kijani-buluu, na haziusikii sana mwekundu. Kwa sababu hiyo vyumba vya marubani na nyambizi vilikuwa vikiwekwa taa nyekundu. Isitoshe, lenzi ya jicho haiwezi kukusanya buluu mahali pale pale inapokusanya rangi nyingine, ndiyo maana maandishi ya buluu juu ya weusi huonekana yana ukungu kingoni. Volkswagen waliwahi kuweka buluu yenye mishale myekundu kwenye Golf ya kizazi cha nne, wakaonekana wa kisasa sana. BMW miaka hiyo yote walibaki na chungwa lao, wakaonekana wana usingizi. Wewe upo barabara ya Morogoro, umepita Chalinze, saa nne usiku. Mbele kuna lori lililoharibika bila taa, na dereva wake ametandaza matawi ya miti barabarani kama ilivyo ada, ili wenzake wajue. Matawi hayatoi mwanga. Yanategemea jicho lako lililozoea giza, na jicho lako kwa sasa lina kiyoyozi.

Ukiona hoja hii ni nzito, nunua nyeupe yenye umanjano. Itafuata rangi zilizopakwa, mstari mwekundu utabaki, na hakuna atakayegundua kuwa umebadilisha chochote. Ndiyo kasoro yake. Wengi hawajaweza kuivumilia.

Kufungua

Kanuni ya kwanza: chomoa waya wa hasi wa betri, halafu usiguse kitu. Toyota wanaelekeza kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kufanya kazi karibu na mifuko ya hewa, kwa sababu mfumo wake huhifadhi umeme kidogo hata betri ikiwa imechomolewa. Soketi na waya zenye rangi ya njano ni za mifuko hiyo. Hapo hakuna utani wala mwongozo: usizichomoe, usizipime kwa testa, usizisogeze ili upate nafasi ya mkono.

Lakini kabla hujachomoa betri, jiulize redio yako ni ya aina gani. Nyingi zilizokuja na ramani ya Japani ndani yake hujifunga zikikatiwa umeme. Ukirudisha betri, skrini inatoa maandishi ya Kijapani, marefu na yenye adabu, yakidai kadi ya SD ya ramani. Kadi hiyo iko Japani, au iko kwa aliyekuwa na haraka bandarini. Tangu hapo huna redio, huna saa, huna bluetuthi, mpaka umpate kijana anayejua kuifungua kwa namba za siri. Vijana hao wapo, Dar wapo na Nairobi wapo, na kazi yao imejengwa juu ya watu kama wewe. Kwa hiyo una hiari mbili: uchomoe betri upoteze redio, au usichomoe, halafu bisibisi yako iguse mahali isipotakiwa, fyuzi ikatike, na upoteze redio.

Kazi hii ifanye mchana, gari likiwa limekaa juani kidogo, kwani plastiki ya vuguvugu inakunjika na ya baridi inakatika. Ya kwako ina miaka 20 na imeokwa kwenye jua la nchi mbili. Usitumie bisibisi bapa kung'olea fremu. Itaacha kovu litakaloonekana na kila abiria wa mbele hadi mwisho wa dunia. Tumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Swichi za kuzungusha huvutwa moja kwa moja kuja kwako, bila kuzitikisa. Skrubu ya mwisho, ile inayozuia kila kitu, imejificha: chini ya trei ya majivu, nyuma ya kifuniko kisichofanana na kifuniko, au mahali ambapo video uliyoitazama haikuonyesha kwa sababu ilipigwa kwenye gari lenye usukani kushoto.

Utasikia mlio mkavu. Huo ni klipu. Kuna mlio wa klipu kuachia na mlio wa klipu kuvunjika, nayo inafanana kabisa. Tofauti utaijua siku ya kurudisha.

Kama kiyoyozi chako ni cha swichi za kuzungusha na si cha vitufe vya kidijitali, nyuma ya paneli utakuta nyaya za chuma zilizovikwa mpira. Wengi huzidhani za umeme. Sizo. Zinavuta milango midogo iliyo ndani ya mfumo wa hewa: mmoja unaamua hewa ielekee usoni au miguuni, mwingine unachanganya baridi na moto. Kila moja imeshikwa na kibanio mahali maalumu. Piga picha kabla ya kuzichomoa, tena picha inayoeleweka, isiwe ya kidole chako. Tutazirudia nyaya hizi.

Balbu za zamani zikitoka, ziweke kwenye bahasha, andika juu yake, tia kwenye droo ya dashibodi.

Kuwasha, kuzima, kugeuza

Balbu ya waya haijali umeme umeingilia upande gani. LED inajali. Ikiingizwa kinyume haiungui wala hailalamiki, inakaa kimya tu. Kwa LED tano, nafasi ya kuziingiza zote sawasawa kwa kubahatisha ni moja kati ya 32. Dawa ni rahisi: kabla ya kufunga chochote rudisha betri, washa taa za paki, tazama ipi imelala, itoe, igeuze, irudishe. Kila mtu anaijua dawa hii. Na kila mtu, akishaona nne zinawaka, anasema ya tano lazima itakuwa sawa, anafunga skrubu zote, anarudisha swichi, anaingia ndani kunawa mikono.

Zikiwaka zote utaona tatizo jingine. Waya wa balbu humwaga mwanga pande zote, na plastiki ya usambazaji ilitengenezwa kwa kuutegemea huo. LED inatupa mwanga mbele tu. Matokeo yake ni kwamba herufi mbili za katikati zinachoma macho, na neno lililobaki pembeni limo gizani. Kitufe kilichoandikwa A/C kitasomeka A. Hapa mafundi wana hila zao. Mmoja hukwangua kichwa cha LED kwa msasa laini mpaka kiwe na ukungu, ili mwanga utawanyike, na hila hii inafanya kazi. Mwingine huweka tone la gundi ya moto juu yake; nayo inafanya kazi, ingawa haipendezi kuitazama. Wa tatu hushauri uongeze LED nyingine pembeni, na akimaliza paneli yako inaweza kutumika kuongozea ndege.

Kisha jaribu kupunguza mwanga. Karibu na usukani kuna kigurudumu kidogo ambacho huenda hukuwahi kujua kazi yake. Balbu ya waya ikipunguziwa volti hufifia taratibu, ikaingia chungwa, ikaendelea kutoa kimwanga hata volti zikiwa chache. LED ya vipande vitatu vilivyoungwa mstari mmoja, ukizishusha volti chini ya tisa, inakaribia kuzimika, kwa sababu vipande hivyo vitatu vinadai 9.6 ndipo viwake vizuri. Kwa hiyo kigurudumu chako sasa kina nafasi mbili: jua la utosini, na usiku wa manane. Upo uwezekano wa tatu, wa kupepesa, kwa magari yanayopunguza mwanga kwa kuukata na kuurudisha haraka haraka. Nao upo wa nne, wa kimwanga kidogo kinachobaki kwenye kitufe hata ukikizima, kwa sababu mkondo mdogo unaovuja, ambao haukuweza kuamsha waya wa balbu, unaitosha LED. Usiku, gari likiwa limefungwa, mlinzi atakugongea akwambie kuna kitu umeacha kimewaka.

Kurudisha

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, ila sasa kuna skrubu mbili zaidi na klipu tatu pungufu. Usianze kutafuta kosa. Fundi yeyote atakwambia kiwanda huwa kinazidisha skrubu.

Kumbuka soketi ya taa za hazadi. Katika magari mengi kitufe chake kiko jirani na paneli hii, na ukisahau kuiunganisha hutajua mpaka siku ya pancha.

Nyaya za chuma nazo. Ule unaochanganya baridi na moto ukirudi umepungua sentimita moja kutoka pale ulipokuwa, mlango wa ndani haufungi hadi mwisho. Hewa ya moto kutoka kwenye hita, ile hita ambayo sasa haina hata mstari wake, inavuja kidogo kidogo kwenye baridi. Kiyoyozi kinapuliza, lakini kinapuliza uvuguvugu. Hutaunganisha jambo hili na taa, kwa kuwa taa zinawaka vizuri. Utaenda kwa fundi wa viyoyozi, naye atashika tundu la hewa kwa kiganja, atafumba macho, atatikisa kichwa.

"Bosi, gesi imeisha."

Gesi haijaisha. Itajazwa juu ya iliyopo, na gesi ikizidi kipimo baridi hupungua. Utarudi. Atasema kompresa imechoka. Si lazima awe tapeli. Umemletea mgonjwa bila kumweleza kwamba juzi ulimpasua mwenyewe. Sema kweli mapema: "Nilifungua paneli kubadili taa." Atacheka, ataingiza mkono nyuma, atausogeza waya sentimita moja, na atakulipisha kicheko.

Siku ya kuuza

Mnunuzi atatoka nyanda za juu. Huwa hivyo, wa Dar wanataka gari jipya zaidi, na hili lako litapata bwana Makambako au Njombe, kwenye asubuhi za mwezi wa saba ambazo mtu hatoki nyumbani bila koti. Atakuja jioni, kwa kuwa alishinda akikagua magari mengine. Atawasha injini, atasikiliza, atatazama chini kama kuna mafuta yanayovuja, atakaa kwenye kiti cha dereva na kuwasha taa. Dashibodi itajaa buluu. Atakaa kimya kidogo. Halafu ataanza kuizungusha swichi ya joto, akiinamisha kichwa kuikaribia.

"Samahani mzee, hili halina hita?"

"Linayo."

"Iko wapi?"

Utamshika mkono umwonyeshe mahali, naye atapapasa pale kwenye weusi, na bei itashuka kwa thamani ya hita nzima. Usibishane naye. Fungua droo, mpe ile bahasha ya balbu tano, mwambie hita imo humo.